Mhusika Hatoi Ruhusa: Mafunzo Niliyopata Katika Maigizo ya Mapenzi Mtandaoni

Maigizo ya mapenzi mtandaoni ni kazi ya uandishi. Watu wawili, pengine mmoja yuko Mwanza na mwenzake Muscat, wanakubaliana kwamba mmoja atakuwa binti wa nahodha na mwingine dalali wa karafuu, mwaka ni 1880 na mahali ni Unguja. Kisha wanaandika kwa zamu. Huyu anaandika aya yake na kusubiri, yule anaijibu kwa aya yake, na hakuna ajuaye hadithi itaishia wapi. Ikienda vizuri, ni raha ambayo riwaya haikupi, maana unaisoma na kuitunga kwa wakati mmoja.

Niliingia katika ulimwengu huu nikiwa mwanafunzi Uingereza, katika miaka ya mwanzo ya mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft, kwenye seva ya Argent Dawn iliyotengwa kwa ajili ya waigizaji. Miaka mingi baadaye nikawa msimamizi wa kundi la Discord linaloandika kwa Kiswahili. Nakuandikia wewe unayetaka kuandika vizuri, uaminiwe na wenzako, na pengine siku moja uongoze kundi lako. Nilidhani ugumu wa kazi hii ungekuwa kwenye lugha. Nikakuta lugha hujifunzwa haraka. Adabu ndiyo inayochukua miaka.

1. Mhusika hatoi ruhusa kwa niaba ya mwandishi

Kundini kwetu palikuwa na mwandishi hodari, mwalimu kwa kazi, aliyemwandika binti wa nahodha: mchokozi, mwenye maneno makali, asiyeogopa kumtazama mwanamume machoni. Kijana mmoja wa chuo alimwandika dalali wa karafuu. Jioni moja binti alimwita dalali barazani baada ya wazee kulala. Kijana akajibu kwa aya ndefu iliyowafikisha wawili hao chumbani na mlango ukafungwa. Mwalimu akanyamaza. Usiku akaniandikia pembeni: “Dada, nisaidie. Binti yangu ni mchokozi, mimi siye. Nilikuwa ndani ya daladala, natamani simu izimike.”

Nilipomwuliza kijana, alishangaa kwa dhati. “Shikamoo dada. Lakini yeye ndiye aliyeniita.” Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa amemsoma mhusika akadhani amemsoma mwandishi, na kosa hilo ndilo mama wa makosa karibu yote niliyowahi kuyasuluhisha.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko simu zetu za mkononi. Mwaka 1990 Pavel Curtis, mtafiti wa Xerox PARC huko California, alifungua LambdaMOO, jumba kubwa lililojengwa kwa maandishi matupu, ambamo watu waliingia kwa majina ya wahusika wao. Mwaka 1993 mhusika aliyeitwa Mr. Bungle alitumia programu ndogo iliyomwezesha kuandika vitendo kwa majina ya wahusika wengine, akawatendesha mambo ya udhalilishaji wa kingono mbele ya watu waliokuwa sebuleni. Mwandishi Julian Dibbell alikisimulia kisa hicho katika gazeti la The Village Voice Desemba mwaka huohuo. Mmoja wa walioumizwa alikuwa mwanamke aliyeishi Seattle, naye alimweleza Dibbell kwamba machozi yalimtiririka alipokuwa akiandika malalamiko yake. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Alikuwa mbele ya kompyuta tu.

Wakazi wa jumba lile walikutana, wakabishana, wakaachana bila uamuzi. Mwishowe msimamizi mmoja alimfuta Mr. Bungle kwa hiari yake mwenyewe, na baadaye Curtis akaweka utaratibu wa wakazi kupeleka hoja na kuzipigia kura. Nikisoma kisa hiki naona kwamba wale watu walikuwa wamekaa pamoja muda mrefu wakiwa na kila kitu isipokuwa makubaliano. Walilipa kwanza, wakaandika sheria baadaye.

Kwa hiyo ruhusa itafutwe kwa mtu aliyeshika simu, tena kwa maneno ya kawaida, nje ya hadithi. Waigizaji wengi hutumia mabano mawili kuonyesha kwamba sasa anayezungumza ni mwandishi: ((Naona hawa wawili wanaelekea kubusiana. Wewe uko sawa?)). Inachukua nusu dakika. Vijana huogopa kwamba swali hilo litaua joto la hadithi. Nimeshuhudia kinyume chake mara nyingi: mwenzako akishajua utauliza, analegea na kuandika kwa ujasiri, kwa sababu hana haja ya kujilinda kila sentensi. Na akijibu “sijui” au “kama unataka wewe”, hesabu kwamba amekataa.

2. Mwili wa mhusika wa mwenzako uandikwe na mwenyewe

Huko Argent Dawn nilikuwa na mhusika mganga, mwanamke mkimya wa makamo. Siku moja mwanajeshi mmoja alinikaribia uwanjani na kuandika kwamba amemshika mganga wangu mkono, naye mganga ametetemeka kwa furaha, amemwangukia kifuani na kutambua kwamba amempata aliyekuwa akimsubiri. Yote hayo kwa sentensi moja. Nilikaa nikitazama skrini. Kilichonishangaza ni hasira niliyoihisi, hasira ya kweli, ya mtu aliyesemewa moyo wake mbele ya watu.

Washairi wetu walilijua hili zamani. Mombasa na Lamu ziliporushiana tungo mwanzoni mwa karne ya 19, enzi za Muyaka bin Haji, kila upande ulitunga ya kwake na kuachia upande wa pili ujibu. Utamu wa kujibizana uko katika kutojua utajibiwa nini. Ukimwandikia mpinzani wako jibu lake, umebaki peke yako ukumbini.

Andika jaribio, uache matokeo. “Dalali alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja kikitazama juu, akangoja.” Hapo mwenzako ana njia nyingi: kuushika, kuutazama, kucheka, kuinuka na kuondoka. Sentensi hiyo pia ina mvuto kuliko ile ya mwanajeshi, kwa sababu msomaji anangoja pamoja na dalali. Hisia za mhusika wa mwenzako, mawazo yake, mavazi anayovua au asiyovua, vyote ni vyake. Hata kama mmeandika pamoja kwa mwaka mzima na unamjua binti wa nahodha kama unavyojua chai yako, mwache mwenyewe aseme.

3. Mipaka itajwe mapema, nayo haiko mahali unapodhani

Ron Edwards, mbunifu wa michezo ya kuigiza wa Marekani, aliandika mwaka 2003 kuhusu kuyagawa mambo mazito katika mafungu mawili: yale yasiyoingia kabisa katika hadithi, na yale yanayoweza kutokea lakini pazia likashushwa kabla hayajaonekana. Tuliuchukua mgawanyo huo kundini. Kabla ya hadithi yoyote ya mapenzi kila mwandishi anaandika mistari michache: haya nisikutane nayo, haya yashushiwe pazia, mengine ni sawa.

Nilitarajia orodha zitajaa mambo ya chumbani. Yalikuwemo, ndiyo, na wengi wetu tunapenda taa izimwe mlango ukifungwa na hadithi iendelee asubuhi. Lakini mistari iliyonifunza zaidi ilikuwa mingine. Mmoja aliandika: mimba isiharibike. Mwingine: mume asimpige mke, hata akijutia baadaye. Mwingine: nisiitwe mchawi. Na mwandishi wetu kutoka Pemba, ambaye alikuwa anaanza hadithi ya mapenzi ya baharia na msusi wa mikeka, aliandika maneno mawili tu: chombo kisizame.

Mwenzake alikuwa na mpango mzuri wa dhoruba na kuokoana baharini. Aliniuliza kama anaweza kumwomba mwenzie sababu. Nikamwambia asimwombe. Baadaye nilikumbuka meli ya MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba na kuua mamia ya watu. Mpaka leo sijui kama hiyo ndiyo iliyokuwa sababu, na sina haki ya kujua. Mpaka hauna deni la maelezo. Dhoruba ilifutwa, baharia akapata homa badala yake, msusi akamuuguza, na ile ikawa hadithi nzuri kuliko zote tulizoandika mwaka ule.

Mipaka hubadilika. Mtu aliyekubali jambo Januari anaweza kulikataa Machi kwa sababu maisha yake yamebadilika katikati. Ndiyo maana tunatumia pia ishara iliyoenezwa na John Stavropoulos wa New York, ambaye kwenye michezo ya mezani huweka kadi yenye herufi X. Mchezaji akiigusa, kinachoendelea kinaondolewa bila mjadala. Sisi tunaandika X peke yake kwenye mstari. Anayeiona anafuta aya yake, anarudi nyuma, anaendelea kwingine. Msimamizi mwema humshukuru aliyeandika X, tena hadharani, ili mwoga aliye kimya aone kwamba hakuna aliyekasirika.

4. Umri hauulizwi kwa kuzunguka

Discord inaruhusu watoto wa miaka 13 kufungua akaunti. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 zote zinasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Katikati ya namba hizo mbili kuna hatari kubwa, na msimamizi asiyeifikiria hafai kusimamia.

Tulikuwa na mwandishi mpya mwenye Kiswahili kilichokomaa, cha methali na taratibu, tukadhani ni mtu mzima wa pwani. Siku moja akaandika kwenye mabano kwamba ataondoka mapema, kesho ana mtihani wa fizikia kidato cha pili. Nilifunga hadithi ile saa ileile. Nilimweleza kwamba hajakosea chochote, kwamba kipaji chake ni cha kweli, na kwamba nafasi yake ni katika hadithi za safari na upelelezi kwenye ukumbi wa wazi, wenye wasimamizi. Mwenzake alikuwa mtu mzima, alitetemeka aliposikia, nami nikamwelewa. Hakuna aliyekuwa ameandika jambo baya, lakini hilo lilikuwa bahati, na bahati si ulinzi. Tangu hapo hakuna anayeingia ukumbi wa mapenzi kabla ya kuulizwa umri wazi na msimamizi, na anayekwepa swali haingii.

Jambo moja zaidi, nalo halina mjadala: mhusika mtoto haandikwi katika mapenzi, hata kama waandishi wote wawili wana wajukuu.

5. Hisia huvuja

Hapa nitasema yangu. Kuna mwanamume niliyeandika naye kwa muda mrefu, hadithi ya wazee wawili wajane katika mji wa bandari. Alikuwa na namna ya kumfanya mzee wake akumbuke kila jambo dogo ambalo mjane wangu aliwahi kulitaja. Nikaanza kuamka na kuangalia simu kabla ya kunawa uso. Akichelewa, siku nzima inaniwia nzito. Alipoanza hadithi nyingine na mwandishi mwingine, niliona wivu, nami nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na familia, ninayejua kabisa kwamba sijawahi kuona hata picha yake.

Mwaka 2007 Emily Care Boss, mbunifu wa michezo wa Marekani, aliizungumzia hali hii kama kuvuja: hisia za mhusika kupenya na kumwingia mchezaji, au za mchezaji kumwingia mhusika. Waigizaji wa nchi za Nordiki, ambao huigiza ana kwa ana kwa siku kadhaa mfululizo, wameifanyia kazi sana. Mchezo ukiisha huwa na muda wa kuvua mavazi ya uhusika, kukaa pamoja na kuzungumza kwa majina yao halisi kabla ya kurudi nyumbani. Wanajua moyo hauna swichi.

Kuvuja hakumaanishi umefanya dhambi au wewe ni mdhaifu. Ukiandika maneno ya upendo kila usiku, mwili wako utayasikia, kama unavyolia kwenye msiba wa tamthilia. Kinachohitajika ni kuligundua jambo hilo na kulitaja. Mimi nilimwambia mwenzangu, kwa lugha ya kawaida, kwamba nahitaji tupumzike wiki kadhaa na sababu ni yangu. Alijibu kwa heshima. Tuliporudi tukawa na desturi mpya: baada ya onyesho zito, tunazungumza kidogo nje ya hadithi, mambo ya mvua, bei ya mafuta, mtoto aliyefaulu. Mazungumzo hayo yalinionyesha mtu mwenye mgongo unaouma na mkopo wa benki, nikamheshimu zaidi, na hamu yangu kwake ikapungua.

Kumbuka pia kwamba yule unayempenda ndani ya hadithi, nusu yake umemtunga wewe. Maneno yake yalikuwa mazuri kwa sababu ulimpa nafasi ya kuyasema. Ukitaka kumjua mwenye simu, mwombe mfahamiane kama watu wengine wanavyofahamiana, polepole, hadithi ikiwa imewekwa kando. Na mtu akikutamkia mapenzi ya kweli nawe huna, mwambie mapema na waziwazi. Usimpe mhusika wako kazi ya kulikataa penzi hilo ndani ya hadithi. Huo ni ukatili hata ukiandikwa vizuri.

6. Aliye nyumbani naye ni mtu

Mke wa mwandishi wetu mmoja aliwahi kuniandikia. Alikuwa ameyaona maandishi kwenye simu ya mumewe. Nilijiandaa kueleza tofauti kati ya mhusika na mtu. Hakuihitaji. “Bi mkubwa,” aliniandikia, “najua ni hadithi. Ninachouliza ni kwa nini aligeuza simu kila nilipoingia chumbani.”

Sina kanuni moja ya ndoa zote. Kuna wanandoa wanaosomeana aya zao kitandani na kucheka, na kuna nyumba ambamo busu la maandishi ni usaliti kamili. Wenye nyumba ndio waamue, na waamue wakiwa wawili. Lakini ukijikuta unageuza simu, tayari unajua mwenzako angesema nini. Zungumza naye, au acha. Na mwandishi mwenzako naye ana haki ya kujua kwamba una mtu, hasa mazungumzo ya nje ya hadithi yanapoanza kuwa marefu.

7. Kilichoandikwa na wawili hakisambazwi na mmoja

Skrinishoti hupigwa kwa sekunde na haifutiki. Aya ya mapenzi iliyoandikwa kwa mtu mmoja ikitupwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hakuna atakayesoma kwamba ni binti wa nahodha wa mwaka 1880. Wataona jina la mwalimu wa shule. Tumia jina la kalamu, usitaje mtaa wala mahali pa kazi, usitume picha yako kwa sababu mhusika wako ameombwa picha. Na fahamu kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia kwa mfumo wa kompyuta, kwa hiyo lile pazia la sehemu ya tatu lina faida zaidi ya adabu. Anayesambaza maandishi ya mwenzake bila idhini, kundini kwetu hutoka siku hiyohiyo, awe rafiki yangu au asiwe.

8. Aga

Watu hutoweka. Dalali anaachwa amesimama gatini, binti anasubiri jibu, wiki inapita, mwezi unapita. Nimeona mwandishi mzima akiugua kwa wasiwasi, anauliza kama kuna msiba, kumbe mwenzake alichoka tu na akaona haya kusema. Alichelea kumuumiza, akamuumiza maradufu.

Kuchoka ni haki yako. Huna haja ya kujitetea, sentensi mbili zinatosha: nimefurahia, sasa naishia hapa. Kama mna nguvu, wapeni wahusika mwisho wao. Majahazi ya zamani yaliyokuja na kaskazi yalirudi Arabuni na kusi. Mpandishe dalali chomboni, mpe binti neno la mwisho, mfunge ukurasa. Aliyeachwa asimfuate mwenzake kwa akaunti nyingine wala kumtumia marafiki wamshawishi. Aliyeaga ameaga.

Nawe kama una hadithi inayoendelea sasa hivi, na hujawahi kumuuliza mwenzako nje ya uhusika kama bado anaifurahia, muulize leo kabla hujaandika aya yako inayofuata. Kisha usome jibu lake taratibu, na uliamini.